Nani alisema bonde la Msimbazi ni ardhi tupu?

KILA masika yanapokaribia, wakazi wa Dar es Salaam huanza kuulizana: mwaka huu Jangwani itapitika? Swali hilo limezoeleka kiasi kwamba hatujiulizi tena swali lililo nyuma yake. Bonde lilikuwepo kabla ya jiji. Iweje basi lionekane ndilo linaloliingilia jiji, na si jiji ndilo lililoliingilia bonde?

Nataka leo tujifunze jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa mipango miji na wachumi, nalo ni namna ya kuipima ardhi ya mjini kwa kazi inayoifanya, na si kwa bei inayouzwa tu. Wataalamu huziita kazi hizo huduma za mifumo ya ikolojia. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe analifahamu kila mtu aliyewahi kupanga nyumba mabondeni. Ardhi hunywa maji. Majani na matope huchuja uchafu. Miti hupunguza joto. Mikoko hukinga fukwe. Hakuna anayetuletea ankara ya kazi hizi mwisho wa mwezi, na kwa kuwa hatuletewi ankara tunadhani hazina thamani.

Mwaka 2005 ilitolewa ripoti kubwa iliyoandaliwa chini ya mwavuli wa Umoja wa Mataifa na wataalamu zaidi ya 1,300, iliyoitwa Tathmini ya Mifumo ya Ikolojia ya Milenia. Ripoti hiyo ilizigawa huduma hizi katika mafungu manne: vitu tunavyovichukua kama maji, chakula na kuni, kazi ya kudhibiti mafuriko, maradhi na hali ya hewa, manufaa ya kiroho, ya elimu na ya kupumzika, na zile kazi za msingi zinazowezesha zote hizo, kama udongo kujitengeneza. Mgawanyo huo ni mzuri darasani. Mjini, hata hivyo, fungu la pili ndilo linaloua watu linapokosekana, kwa hiyo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Eka moja ina takriban mita za mraba 4,000. Basi mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu kwa siku moja ya masika Dar es Salaam, huleta katika eka hiyo moja lita 200,000. Hayo ni maboza 20 ya lita 10,000 kila moja. Eka hiyo ikiwa na majani, miti na udongo mwepesi, sehemu kubwa ya maji hayo huingia chini, na yanayobaki hutembea polepole. Ijenge nyumba kwa bati, uwanja uutandike zege na vitofali, ukuta pande zote, na karibu maboza yote 20 yatatoka getini ndani ya muda mfupi. Yanakwenda wapi? Yanashuka kwa jirani, na jirani naye anayashusha, mpaka kwa yule wa mwisho kabisa ambaye hana wa kumshushia.

Dalali mmoja wa viwanja vya huko juu, upande wa Kinyerezi, aliwahi kuniambia kwa kujiamini kabisa: "Shekhe, huku maji hayakai, yanapita tu." Alikuwa anasema kweli. Hakuongeza tu kwamba yakipita hapo yanakuja Kigogo, Mchikichini, Magomeni Suna, Hananasif na Jangwani.

Mto Msimbazi huanzia kwenye milima ya Pugu, wilayani Kisarawe, ukakatiza jiji na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Selander. Njiani hupokea mito mingine, ikiwemo ile ya Ubungo na Sinza. Zamani sehemu ya juu ilikuwa msitu na mashamba, na sehemu ya chini ilikuwa uwanda mpana ambamo mto ulitanuka wakati wa mvua, ukapunguza mwendo, ukatua tope lake, kisha ukajirudi. Kutanuka huko wengi wetu tunakuita maafa. Kwa mto ni sawa na mtu kupumua. Uwanda ule ndio ulioyapokea maji ya mvua kubwa na kuyatoa kidogo kidogo ili yasiingie majumbani.

Wapangaji wa jiji walilijua hilo. Mpango Mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde la Msimbazi kuwa ni eneo la hatari, lisilofaa kwa makazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi, pamoja na mikoko na ardhi oevu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nayo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita hizo hizo 60. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba hatukuwa na sheria. Wakati huo huo jiji lilikuwa likikua kwa kasi: sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wasiofika 300,000, ya mwaka 2002 karibu milioni 2.5, ya mwaka 2012 milioni 4.36, na ya mwaka 2022 milioni 5.38. Watu hao walihitaji mahali pa kulala karibu na kazi. Bondeni palikuwa karibu, na palikuwa rahisi.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kwa nini palikuwa rahisi? Kwa sababu katika daftari la kila mtu, kuanzia dalali hadi mpangaji wa mradi mkubwa, bonde liliandikwa sifuri. Anayetaka kujenga anakuja na mchanganuo wake: vyumba vingapi, kodi kiasi gani, ajira ngapi. Upande wa pili wa mizani, ule wa bonde kubaki bonde, hakuna kilichoandikwa. Mizani yenye jiwe upande mmoja na upepo upande wa pili inajulikana itaelemea wapi. Ndivyo ilivyotokea hata kwa miradi ya umma. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, karakana na maegesho yake yalikuwa yamejengwa pale pale Jangwani, ndani ya uwanda wa mafuriko, na maji yamekwisha kuyaingia mara kadhaa.

Je, inawezekana kweli kuandika tarakimu kwenye upande ule mtupu? Inawezekana, na mfano mzuri zaidi ninaoufahamu hauko Ulaya wala Marekani. Uko kwa jirani zetu, Kampala.

Kusini mashariki ya katikati ya jiji la Kampala kuna ardhi oevu inayoitwa Nakivubo, yenye ukubwa wa takriban kilomita 5 za mraba, iliyojaa mafunjo. Mfereji wa Nakivubo unakusanya majitaka na maji ya mvua ya jiji na kuyapitisha humo kabla hayajaingia Ziwa Victoria. Na kilomita chache tu kutoka hapo, Ggaba, ndipo jiji hilo hilo linapochota maji yake ya kunywa. Yaani kati ya choo cha Kampala na kikombe cha Kampala lilisimama lile dimbwi la mafunjo.

Mwaka 1999 mchumi Lucy Emerton na wenzake walifanya jambo jepesi kulieleza. Waliuliza: ardhi hii ikikaushwa, jiji litalazimika kulipa kiasi gani ili maji yabaki katika hali ile ile? Walikokotoa kwa njia mbili. Ya kwanza ni gharama ya mbadala, yaani mitambo ya kusafisha majitaka ingegharimu kiasi gani kufanya kazi ya mafunjo. Ya pili ni gharama ya kujikinga, yaani kuyatibu zaidi maji ya kunywa au kuuhamisha mtambo wa kuyachota. Jibu lilikuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Magimbi yaliyolimwa humo, mafunjo yaliyokatwa, matofali na samaki viliingizwa pia, lakini sehemu kubwa mno ilikuwa ni kazi ya kuchuja uchafu.

Hapana shaka msomaji anadhani baada ya hapo Nakivubo ilisalimika. Mwanzoni matumaini yalikuwepo: mawazo ya kuikausha yaliwekwa kando na eneo likaingizwa katika ukanda wa kijani wa jiji. Lakini uvamizi haukukoma. Vifusi viliingia kwa upande wa viwanda, kilimo kikaingia kwa upande mwingine, na mafunjo yakapungua. Miaka ishirini baadaye shirika la maji la Uganda lilikuwa limejenga mtambo mkubwa wa majitaka Bugolobi, wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, na mtambo mpya wa maji ya kunywa Katosi, wilayani Mukono, mbali na Ggaba ambako maji yalikuwa yamechafuka na gharama ya kuyatibu kupanda. Ni haki kusema kwamba Kampala nayo imekua na ingehitaji mitambo mipya hata kama pasingekuwa na mfunjo mmoja uliokatwa. Lakini tazama orodha ya ununuzi: mtambo wa majitaka, na kuhamisha sehemu ya kuchotea maji. Ni vile vile vitu viwili vilivyoandikwa katika hesabu ya mwaka 1999.

Mimi nimejifunza mambo mawili kwa Nakivubo. Hesabu inawezekana. Na hesabu peke yake hailindi kitu, maana ile dola milioni 1.75 haikuwa mapato ya mtu yeyote. Hakuna ofisi iliyopungukiwa fungu siku mafunjo yalipokatwa. Mwenye kiwanda aliyeongeza yadi yake alipata faida siku ile ile, ilhali hasara ilisambazwa kwa mamilioni ya watu na kwa miaka mingi.

Tuirudie Dar es Salaam. Sisi tulifanya hesabu kwa njia ya tatu, ile ya kungojea hasara itokee. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na waliookolewa wengi wakapelekwa Mabwepande. Yakaja ya 2014. Yakaja ya Aprili 2018, ambayo wachunguzi wa Benki ya Dunia walikadiria kuwa yalizitia kaya za Dar es Salaam hasara ya zaidi ya dola milioni 100, sawa na asilimia 2 hadi 4 ya pato la jiji. Hizo ni godoro, jokofu, mtaji wa genge, cherehani, siku za kazi zilizopotea, na ada ya mtoto iliyokwenda kukarabati ukuta. Kisha mwaka 2022 ukaidhinishwa mradi wa uendelezaji wa bonde la Msimbazi, dola milioni 200 kutoka Benki ya Dunia na nyongeza kutoka Hispania na Uholanzi, jumla yake kama dola milioni 260. Kwa hesabu ya haraka ya sh. 2,500 kwa dola, ni sh. bilioni 650. Mradi unahusu kuondoa tope na kupanua mto, kujenga daraja refu Jangwani, kuihamisha ile karakana ya mabasi, kuwalipa watu wahame, na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji inayokubali kufurika.

Siupingi mradi huo. Ninachosema ni kwamba sh. bilioni 650 ndiyo bei ya kurudisha sehemu ya kazi iliyokuwa ikifanyika bure, na sehemu kubwa yake ni mkopo. Atakayebisha kwamba bonde halikuwa na thamani, aangalie ankara.

Hata hivyo, hesabu hizi zina mitego, na msomaji anayetaka kuzitumia inafaa aijue. Mtego wa kwanza ni tamaa ya kutaja namba kubwa kupindukia. Mwaka 1997 Robert Costanza na wenzake walikadiria kwamba huduma za maumbile kwa dunia nzima zina thamani ya dola trilioni 33 kwa mwaka. Namba hiyo ilivuma sana, lakini haimsaidii kitu diwani anayeamua kama uwanja wa Mtaa fulani ugeuzwe gereji. Diwani anahitaji kujua eneo hili, mvua hii, nyumba hizi zilizo chini yake.

Mtego wa pili umejificha ndani ya kanuni ya wachumi ya kuipunguza thamani ya kesho. Wao husema shilingi ya leo ni bora kuliko ya kesho, basi wanaikata ya kesho kwa asilimia fulani kila mwaka. Msomaji wa gazeti hili atakuwa ameshanusa harufu ya riba, na pua haijamdanganya, kwa kuwa hesabu hiyo ni riba iliyogeuzwa nyuma. Chukua hasara ya sh. milioni 1 itakayotokea miaka 30 ijayo, ikate kwa asilimia 10 kwa mwaka, leo itaandikwa kama sh. 57,000 tu. Mafuriko yatakayoizamisha nyumba ya mjukuu wako yanageuka kuwa nauli ya basi la mkoani. Anayetetea jengo la leo dhidi ya mto wa kesho hahitaji kusema uongo. Inatosha achague asilimia.

Mtego wa tatu ndio unaonisumbua zaidi, nao ni swali la nani anabeba gharama. Ukishathibitisha kwamba bonde lina thamani ya mabilioni, hatua inayofuata kwa kawaida ni tingatinga. Desemba 2015 tuliliona likibomoa nyumba bondeni, na familia zikalala juu ya mabati yao. Aliye juu mlimani, ambaye uwanja wake wa zege ndio unaoyatuma maji, hakuulizwa hata swali moja. Ikiwa tunapima kazi ya ardhi, basi tupime na kazi iliyopotea kule juu. Aliyeondoa uwezo wa eka yake kunywa maboza 20 amechukua kitu, hata kama hakuvuka mpaka wa kiwanja chake.

Katika fiqhi jambo hili halikuwa geni. Mafakihi walizungumzia harimu ya kisima na ya mto, yaani eneo la pembeni ambalo halimilikiwi wala halijengwi ili maji yaweze kufanya kazi yake na watu wayafikie; kwa kisima wengi wametaja dhiraa 40. Na lipo suala la hima, ardhi inayotengwa kwa maslahi ya umma. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimwagiza awaruhusu wenye mifugo michache waingie, na ajihadhari na mifugo ya matajiri, akiwataja kwa majina Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Sababu aliyoitoa ni kwamba hao mifugo yao ikifa wana mashamba na mitende ya kuendea, ilhali maskini atakuja na watoto wake mlangoni kwa mtawala. Huo ni ugawaji wa gharama uliopangwa kwa kumtazama nani ana pa kwenda. Mipango yetu ya mabonde mara nyingi imekwenda kinyume chake.

Nitaje pia jambo ambalo watetezi wa kijani hulipitia haraka. Huduma ya ardhi ikishaharibiwa hugeuka kuwa dhara. Mchicha na matembele yanayolimwa kandokando ya Msimbazi yamelisha jiji na kuwapa watu riziki kwa miaka mingi. Lakini mto umekuwa ukipokea maji machafu ya viwanda, machinjio na vyoo, na vipimo vya kitaalamu vimekwisha kukuta madini mazito ndani ya mboga hizo. Kuzihesabu mboga hizo kama faida tupu ya bonde ni kujidanganya, na kumfukuza mkulima huku bomba la kiwanda likiachwa ni dhulma.

Basi kipi kinawezekana kwa mtu wa kawaida? Ardhi inapotaka kubadilishwa matumizi mjini, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa kutoa taarifa na kupokea pingamizi. Miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, na wananchi wana nafasi ya kusema. Wengi wetu tukienda tunauliza ajira na fidia. Tuongeze maswali haya: eneo hili sasa hivi linakunywa maji kiasi gani? Likijengwa yatakwenda mtaa gani? Nyumba ngapi ziko chini yake? Mtaro wa kufanya kazi hiyo utajengwa na nani, na utazibuliwa na fungu la nani kila mwaka? Maswali hayo hayahitaji shahada ya uchumi, na majibu yake yakiandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, upande mtupu wa mizani utakuwa umepata angalau jiwe moja.

Misikiti nayo imo katika hesabu hii, kwa kuwa mingi imetandika vitofali uwanja mzima hadi ukutani. Paa la mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600. Katika ile mvua yetu ya milimita 50 linakusanya lita 30,000, ambazo ni matangi sita ya lita 5,000. Hayo ni maji ya kutilia udhu kwa siku kadhaa, na ni boza tatu zisizoshuka Kigogo. Kamati inayochangisha fedha za mnara inaweza kuanza na mifereji ya bati na matangi mawili kabla ya masika yajayo, na kung'oa vitofali vya upande mmoja wa uwanja ikapanda miembe au mikungu.